Majina ya Kigaeli ya Milima na Mito ya Uskoti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wasomaji wa Kiswahili wanaopanda milima ya Uskoti, wanaoishi huko, au wanaopenda tu habari za majina na lugha. Maswali ni yale ninayoulizwa kila ninapotaja kazi hii ya kuandika majina ya mahali. Msimamo wangu nauweka mezani tangu mwanzo: sauti huja kwanza, herufi hufuata. Jina la mlima lilikaa mdomoni mwa watu karne nyingi kabla halijatua kwenye karatasi, na anayeanza na karatasi peke yake hupotea njia mapema sana.

Kigaeli ni lugha gani, na kwa nini kimejaa milimani hata mahali ambapo hakuna anayekisema?

Kigaeli cha Uskoti ni lugha ya Kiselti, ndugu wa Kiairishi. Katika Zama za Kati kilisemwa karibu kote Uskoti, kisha kikarudi nyuma hatua kwa hatua kuelekea kaskazini na magharibi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 69,701 wanaoweza kukisema. Ngome yake leo ni visiwa vya magharibi: Lewis, Harris, Uist, Barra, na Skye.

Nyanda za juu zilipoteza wasemaji wake kwa sababu nyingi, na mojawapo inauma hadi leo. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 18, wenye ardhi waliwaondoa wapangaji wao mabondeni ili waweke kondoo. Bonde la Strathnaver, kaskazini kabisa, lilisafishwa watu mwaka 1814 na tena mwaka 1819. Familia zilisukumwa pwani, nyingine zikapanda meli kwenda Kanada. Majina makubwa yalibaki kwa sababu ramani iliyahifadhi. Madogo, yaani ya jiwe, ya kidimbwi, ya malisho ya ng'ombe wa fulani, yaliondoka na wenyewe.

Jina la mlima linaundwaje?

Mswahili ataona uzuri wake upesi, kwa sababu mpangilio ni ule ule wa kwetu: kitu kwanza, sifa baadaye. *Beinn Mhòr* ni Mlima Mkubwa, neno kwa neno. *Càrn Dearg* ni Rundo Jekundu la mawe.

Neno la kwanza ndilo linalobeba umbo la nchi. *Sgùrr* ni kilele chenye ncha, cha miamba mitupu. *Meall* ni mlima wa mviringo, kama donge. *Bealach* ni kipito kati ya milima miwili, *allt* ni kijito cha mlimani, *gleann* ni bonde jembamba na *srath* ni bonde pana lenye mto. *Inbhir* ni mahali mto unapomwaga maji yake, na ndiyo maana mji wa Inverness kwa Kigaeli ni *Inbhir Nis*, mlango wa mto Ness. *Coire* ni shimo kubwa la duara lililochimbwa na barafu ubavuni mwa mlima, na neno lenyewe maana yake ni chungu cha kupikia. Ukisimama ndani yake, na mawingu yakipanda kama mvuke, hutauliza sababu.

Mwili wa binadamu nao umetandazwa juu ya nchi: *ceann* kichwa, *sròn* pua, *druim* mgongo, *gualainn* bega. Sisi tunaosema Rasi ya Nungwi au Rasi ya Mkumbuu hatuna cha kushangaa, kwa kuwa rasi ni kichwa kwa Kiarabu.

Kwa nini neno moja linaandikwa kwa namna mbili au tatu? Ni makosa ya tahajia?

Mara nyingi si makosa hata kidogo, na hapa msemaji wa Kiswahili yuko mbele ya wengi. Tumezoea neno kubadilika mwanzoni: mlima mkubwa, kilima kikubwa, bonde kubwa, uso, nyuso. Anayetoka kwenye lugha inayobadilisha mwisho tu wa neno huchanganyikiwa, lakini sisi macho yetu yamezoea.

Kigaeli nacho hubadilisha mwanzo. *Cnoc* (kilima) ni neno la kiume, kwa hiyo *cnoc mòr*. *Beinn* ni la kike, kwa hiyo *beinn mhòr*. Ukitaka kusema "ya kilima", *cnoc* inageuka kuwa *a' chnuic*, mwanzo na tumbo vyote vimebadilika. Mtu akiona *mòr*, *mhòr* na *mhòir* kwenye orodha moja akadhani ni waandishi watatu wazembe, akazisawazisha, amefuta sarufi. Nimewahi kufanya hivyo kwenye daftari langu la kwanza, nikalazimika kurudi kwenye rekodi za sauti moja moja. Usisawazishe chochote kabla ya kuelewa.

Nitatamkaje herufi hizi?

Kuna habari njema na mitego.

Habari njema: *gh* na *dh* zikiwa karibu na a, o au u hutamkwa kama *gh* ya lugha na ghala. Waingereza wengi huhangaika na sauti hiyo. Wewe unayo tangu utotoni. *Ch* ya *loch* ni kh ya Khamis, kama wanavyoitamka watu wa pwani.

Mitego: *ch* hiyo si ya chai. *Dh* si ya dhahabu. *Th* si ya thamani. Ni h tu. *Bh* na *mh* ni v. *Fh* kwa kawaida iko kimya kabisa, kwa hiyo *Càrn an Fhidhleir*, Rundo la Mpiga Fidla, hutamkwa kana kwamba f haipo. Na ukiona *t-s*, basi s imenyamaza: *Coire an t-Sneachda*, Chungu cha Theluji, katika milima ya Cairngorms, husikika ikianza na t kisha n inayokaribia r.

Kwa nini nasisitiza matamshi kwenye ukurasa unaohusu maandishi? Tazama kipito maarufu kinachokata Cairngorms katikati, ambacho ramani inakiita *Lairig Ghru*. Watu walitafuta maana ya *ghru*, wakaihusisha na huzuni na giza. Lakini maji ya upande wa kaskazini wa kipito hicho huingia mto Druie, na kwa kuwa *dh* na *gh* zina sauti moja mahali hapo, jina hilo leo huandikwa *Làirig Dhrù*, kipito cha Druie. Herufi moja iliyochaguliwa vibaya na mtu aliyesikia vizuri ilizaa hadithi nzima ya majonzi.

Ramani za kwanza ziliandikwaje?

Timothy Pont alichora sehemu nyingi za Uskoti mwishoni mwa karne ya 16, na kazi yake ikaingia kwenye atlasi ya Blaeu iliyochapwa Amsterdam mwaka 1654. Kisha wanajeshi chini ya William Roy walipima nchi kati ya 1747 na 1755. Tahajia za ramani hizi ni za ajabu kwa macho ya leo, lakini ni dhahabu: mwandishi asiyejua Kigaeli aliandika alichosikia, na masikio yake yametuhifadhia matamshi ya wakati ule.

Kazi kubwa zaidi ni ya Ordnance Survey, idara ya ramani ya taifa, katikati ya karne ya 19. Wapimaji walijaza Vitabu vya Majina, kurasa zenye safu: jina, namna mbalimbali za kuliandika, nani ameithibitisha kila namna, mahali penyewe, na maelezo ya kitu. Vitabu hivyo vimepigwa picha na vinasomeka kwenye intaneti. Anza huko.

Soma safu ya mashahidi kwa makini. Wapimaji walipendelea watu wenye cheo: mwenye ardhi, mchungaji wa kanisa, mwalimu. Mchunga kondoo aliyelala mlimani miaka 40 alikuwa shahidi wa daraja la chini, na mwanamke aliyepeleka ng'ombe malishoni kila kiangazi hakuulizwa sana. Kwa hiyo unaposoma kwamba jina fulani "limethibitishwa", jiulize kila mara limethibitishwa na nani, na kama mtu huyo aliwahi kufika hapo kwa miguu yake.

Je, kosa la mwandishi linaweza kweli kudumu?

Linaweza kudumu karne nyingi. Kisiwa kitakatifu cha Iona kwa Kigaeli ni *Ì*, au *Ì Chaluim Chille*, kisiwa cha Mtakatifu Columba. Abate Adomnán, aliyeandika habari za Columba mwishoni mwa karne ya 7, alikiita kwa Kilatini *Ioua insula*. Wanakili waliofuata wakasoma u kama n. Jina tunalolitumia leo duniani kote limetokana na kukosea kusoma herufi moja.

Si hicho peke yake. Visiwa vya Hebrides, yaani visiwa vya magharibi, vilikuwa *Hebudes* kwa Plinio, mwandishi wa Kirumi. U ikasomwa ri. Milima ya Grampian imepewa jina la mahali pa vita alipopataja Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, *Mons Graupius*, ambalo lilichapwa vibaya kuwa *Grampius* katika karne ya 15. Hakuna anayeweza kuyarudisha majina hayo sasa, na sioni sababu ya kujaribu. Lakini anayeandika asili ya jina anawajibika kusema wazi: hapa mkono wa mwandishi uliteleza. Vinginevyo watu wataendelea kutafuta maana ndani ya n ambayo haikuwahi kuwepo.

Basi niandike tahajia ipi?

Zote. Kila tahajia uliyoikuta, kama ilivyo, pamoja na mwaka na mahali ulipoitoa. Baada ya hapo, kwenye safu tofauti, andika tahajia ya Kigaeli ya sasa. Usiziweke pamoja.

Kuhusu kistari juu ya irabu: Kigaeli cha Uskoti leo hutumia kinachoinamia kushoto tu, kama kwenye *mòr*. Zamani vilikuwepo vya aina mbili, na kile cha pili (*é*, *ó*) kiliachwa katika kanuni za tahajia za mwaka 1981 zilizowekwa kwa ajili ya mitihani ya shule. Ukikikuta kwenye kitabu cha zamani, kinukuu kama kilivyo. Kistari si pambo. Kinaonyesha irabu ndefu, na irabu ndefu hubadilisha maana: *bata* ni fimbo, *bàta* ni mashua.

Kila jina lenye sura ya Kigaeli ni la Kigaeli kweli?

La. Wavikingi walitawala visiwa vya magharibi kwa karne kadhaa, na Kigaeli kilipoyarithi majina yao kiliyavisha nguo zake. Mwisho wa *-bost*, kama kwenye Leurbost na Carbost, ni neno lao la shamba lenye makazi. *-val* na *-bhal* ni mlima. *-ay* na *-a* mara nyingi ni kisiwa. Steòrnabhagh, mji mkuu wa Lewis, una neno lao la ghuba mwishoni. Na kule Harris kuna *Gleann Sgaladail*, ambamo *gleann* ni bonde kwa Kigaeli na *dail* ni bonde kwa Kivikingi: bonde juu ya bonde, kwa sababu waliokuja baadaye hawakujua tena maana ya neno la zamani, *dail*.

Mashariki, majina yanayoanza na *Pit-*, kama Pitlochry, yana neno la Wapikti, watu wa kale wa Uskoti, la kipande cha ardhi, ingawa sehemu ya pili mara nyingi ni ya Kigaeli.

Mfano mmoja unatugusa. Babu wa David Livingstone, mzaa baba, alitoka kisiwa kidogo cha Ulva. Jina hilo ni la Kivikingi, ama kisiwa cha mbwa mwitu ama kisiwa cha mtu aliyeitwa Úlfr. Watu waliosimama Bagamoyo mwaka 1874 maiti ya Livingstone ilipofikishwa na akina Chuma na Susi waliona mwisho wa safari ya ukoo uliotoka kwenye jiwe hilo la Atlantiki.

Mzee wa kijiji amenipa hadithi ya jina. Niiamini?

Iandike yote, kwa maneno yake. Kisha ipeleke kwenye safu ya hadithi, si safu ya asili.

Glencoe ndio mfano mzito. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Februari 1692, askari waliokuwa wamekaribishwa kama wageni waliwaua wenyeji wao wa ukoo wa MacDonald. Watu wengi husema jina maana yake ni Bonde la Machozi. Lakini MacDonald hao walikuwa wakiitwa wa Glencoe kabla ya mauaji, na *Gleann Comhann* ni bonde la mto unaopita humo. Hadithi ya machozi si asili ya jina. Ni ushahidi wa kitu kingine, cha maana vilevile: jinsi watu walivyoubeba msiba ule. Ukiifuta unawadhulumu, ukiiandika kama asili ya jina unamdanganya msomaji.

Rangi kwenye majina zinaaminika?

Zinaaminika, mradi usizitafsiri kwa haraka. *Gorm* ni buluu, na pia ni kijani cha majani mabichi. *Glas* ni kijivu na pia kijani kilichopauka. Na milima ya Cairngorms, ambayo jina lake kwenye ramani linatokana na mlima mmoja tu, *An Càrn Gorm* wa mita 1,245, kwa Kigaeli huitwa *Am Monadh Ruadh*, milima myekundu, kwa sababu ya mawe yake ya matale yenye wekundu. Ng'ambo ya mto Spey iko *Am Monadh Liath*, milima ya kijivu. Wenyeji waliona safu mbili zikitazamana, nyekundu na kijivu, wakazipa majina kama jozi. Ramani ikaita safu nyekundu buluu.

Nikikuta jina la aibu?

Liandike. Kwenye Cairngorms kuna kilele ambacho kwa Kiingereza huitwa Ncha ya Shetani. Jina la Kigaeli ni *Bod an Deamhain*, na neno la kwanza ni uume. Vilele vyenye *cìoch*, ziwa la mama, ni vingi pia: *Sgùrr na Cìche* ni mmoja. Hata mlima wa Lochnagar, wenye jina lililopandishwa kutoka kwenye ziwa dogo la maji lililo chini yake, unaitwa kwa Kigaeli *Beinn Chìochan*, wa matiti. Wafugaji walisema walichokiona. Aliyeona haya ni mtafsiri.

Majina yanasema nini kuhusu wanyama na miti?

Mengi, na wahifadhi wa mazingira sasa wanayasoma. *Torc* ni nguruwe mwitu, mnyama aliyetoweka Uskoti zamani, lakini yumo katika *Beinn an Tuirc* kule Kintyre. *Giuthas* ni msonobari: mji wa Kingussie ni *Ceann a' Ghiùthsaich*, kichwa cha msitu wa misonobari. *Creag na h-Iolaire*, Mwamba wa Tai, hurudiwa mahali pengi.

Nikienda kurekodi nifanye nini hasa?

Anza kama ungeanza kwenu. Piga hodi, salimia, kunywa chai utakayopewa. Usitoe ramani mapema. Ukiitandaza, mtu ataisoma badala ya kukumbuka, na utaondoka na majina ya Ordnance Survey yaliyopita kwenye mdomo mwingine.

Omba ruhusa ya kurekodi sauti na uulize kama jina lake liandikwe. Akikataa, heshimu.

Usiulize "mlima ule unaitwaje?" peke yake. Mwombe aliseme jina ndani ya sentensi: alikuwa akienda wapi, kondoo walikuwa wapi. Sababu ni ya kisarufi. Majina mengi yana kitambulishi, yaani kineno kama *the* ya Kiingereza, ambacho ramani imekiacha. Oban kwa Kigaeli ni *An t-Òban*, na mtu aliyeko huko yuko *san Òban*. Fort William ni *An Gearasdan*. Jina likitolewa peke yake linaweza kuvuliwa kitambulishi. Likiwa ndani ya sentensi linajionyesha lote, pamoja na jinsia yake.

Kama miguu inaruhusu, nendeni wote. Majina madogo huamka mtu akiyaona mahali yenyewe: *àirigh*, kibanda cha malisho ya kiangazi, jiwe la kupumzikia, kivuko. Andika rejea ya gridi ya taifa, herufi mbili na tarakimu sita, zinazokupa mraba wa mita 100. Kilele cha Ben Nevis, kwa mfano, ni NN 166 712. Kwa jiwe au chemchemi, tumia tarakimu nane. Na andika kitu chenyewe ni nini, maana *Allt* fulani unaweza kuwa umekauka na jina limehamia kwenye nyumba.

Ukitaka kujua kazi hii inaweza kufika wapi, tazama bonde la juu la mto Dee. Mwanabaiolojia Adam Watson na Elizabeth Allan walizunguka huko wakiwauliza wazee, na mwaka 1984 wakachapisha maelfu ya majina, mengi yakiwa hayapo kwenye ramani yoyote. Walifanya hivyo wakati Kigaeli cha wenyeji wa bonde hilo kikiwa kinazimika. Wangechelewa miaka michache, wasingepata wa kumuuliza.

Na Ireland je?

Ni kazi dada. Huko mtaalamu John O'Donovan alizunguka nchi kuanzia miaka ya 1830 akiwauliza wenyeji kwa lugha yao, jambo ambalo Uskoti haikulipata kwa kiwango hicho. Hifadhi ya taifa ya majina ya Ireland iko wazi kwenye tovuti ya Logainm. Kistari cha Kiairishi huinamia upande wa pili, kwa hiyo usichanganye faili za nchi hizi mbili.

Nimepata jina lisilokuwepo popote. Nilipeleke wapi?

Kwa tahajia, wanaoshauri kitaifa ni Ainmean-Àite na h-Alba, walio Sabhal Mòr Ostaig, chuo cha Kigaeli kisiwani Skye. Hifadhidata yao ya majina iko wazi kwa wote, na ndiko ninakoangalia kwanza kabla ya kuandika umbo la sasa. Linganisha pia na ramani za zamani kwenye tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Uskoti, na sikiliza Tobar an Dualchais, hazina ya sauti zilizorekodiwa tangu karne iliyopita. Huenda jirani wa yule mzee alishalitaja jina hilo miaka ya 1950.

Mpelekee nakala mtu aliyekupa jina, limeandikwa vizuri, na umsomee. Mara nyingi hapo ndipo husema: "Hapana, hilo ni la ng'ambo ya kijito. Hili letu ni jingine." Washa kinasa sauti tena.